Nyumba ya X Haipigwi Rangi

Nilikuja Dar es Salaam kwa treni kutoka Tabora, na safari ile niliiona ndefu kuliko masomo yangu yote ya sekondari. Tulikwama Itigi. Tukakwama tena karibu na Kilosa, maji yalikuwa yamekula tuta la reli. Kila tulipokwama abiria tulishuka, tukanunua kuku wa kuchoma, tukapanda, tukashuka tena. Nilipofika pwani nilikuwa nimemaliza akiba na hamu ya kuku. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita Urambo kwenye tumbaku, Mpanda kwenye mbao, na Chunya kwenye dhahabu ambayo sikuiona. Sikuwa nakimbia kitu. Mimi nikikaa mahali sana miguu inawasha, na nikiondoka tu naanza kupakumbuka. Ni ugonjwa, ila hauna kliniki.

Nyie vijana wa maabara mmeniomba niandike kidogo kabla sijasahau. Habari za vyeo na mshahara nimeziacha, hazikuwa nyingi kiasi cha kujaza ukurasa. Pia naomba tuelewane kwamba nimestaafu. Ofisi imeandika "ameacha kazi" kwa sababu sijafika hata hamsini, lakini mgongo wangu na pikipiki ya mradi wanajua ukweli.

Nilikuwa nafyatua tofali Bunju, kwenye kiwanja kilichopakana na maabara. Siku moja Dk. Mkude, aliyekuwa mkuu wa utafiti, alivuka uzio akitafuta mtu wa kwenda hospitali mjini kwa pikipiki, kuchukua boksi na kurudi nalo bila kusimama njiani kunywa soda. Akaniuliza swali moja tu.

"Nikikupa mzigo usioujua, utaufungua?"

"Hapana, daktari."

"Kwa nini?"

"Mie Mnyamwezi. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka huku. Wangekuwa wanafungua wasingefika."

Alicheka, na huo ndio ulikuwa usaili. Leseni ya pikipiki nilikuwa nayo tangu Mpanda. Cheti cha kidato cha nne alikiomba baadaye sana, na sidhani kama alikisoma.

Siku yangu ya kwanza nilileta boksi mpaka kwa Dada Eliwaza, fundi mkuu wa maabara, Mpare wa Same mwenye sauti ya kukwaruza. Nilifundishwa nyumbani kwamba mtu hapokei mzigo kabla ya salamu. Nikaweka boksi mezani, nikamwamkia, nikamuuliza za nyumbani, za watoto, za kazi. Alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, dada."

"Hapa barafu kwanza, salamu baadaye. Ukiniamkia tena kabla sampuli haijaingia kwenye friza, nitakuitikia kwa fimbo."

Tangu siku hiyo tulikuwa tunapishana mlangoni kimya kama watu waliogombana, mpaka mfuniko wa friza ufungwe. Kisha tunaamkiana kwa kirefu. Wageni walidhani tuna wazimu. Sababu yake niliielewa polepole, na ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nitaieleza.

Ndani ya seli ya mwili kuna protini chungu nzima, na kila moja ina kazi yake. Ikichoka, ikiharibika, au kazi yake ikiisha, inabandikwa kitu kidogo kinachoitwa yubikwitini. Hicho nacho ni protini, kifupi, kipo kila mahali. Kikibandikwa kimoja juu ya kingine mpaka kikawa mnyororo, ile protini inapelekwa kwenye mashine ya kusagia iliyomo humo humo ndani ya seli, inasagwa, na vipande vinatumika tena. Wapo wanaobandika na wapo wanaobandua. Mwili mzima unaishi kwa mabishano yao.

Sisi tulikuwa tunafuatilia protini moja hasa, ambayo maabara nzima iliiita mlinzi. Mlinzi akiona seli imeharibika vibaya anaizuia isigawanyike, na ikishindikana anaiamuru ijiue. Saratani haimpendi. Katika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo nyingi, kirusi kikiingia kwenye seli kinamshika mbandikaji wa seli yenyewe na kumgeuza amwelekee mlinzi. Mlinzi anabandikwa, anasagwa, anatengenezwa mwingine, naye anabandikwa, anasagwa. Seli mbovu zinabaki hazina wa kuzikemea. Ndipo uvimbe unapokua, na ndipo matibabu nayo yanapopata shida, kwa sababu mionzi inaivunja seli, lakini yule ambaye angesema "wewe umeshavunjika, jiue" hayupo.

Sasa kuhusu barafu. Kipande cha uvimbe kikitolewa kwa mgonjwa, wale wabanduaji ndani yake hawajui kwamba kazi imeisha. Kikipata joto wanaendelea kubandua. Ukifika Bunju na boksi la uvuguvugu, kila protini itaonekana haijawahi kubandikwa chochote, safi kama bwana harusi. Dada Eliwaza alikuwa anasaga kipande, anakipitisha kwenye jeli kwa umeme, anakihamishia kwenye utando, kisha anapiga picha. Protini isiyobandikwa inatoka kama mstari. Iliyobandikwa sana inatoka kama moshi unaopanda. Mimi nilichukua muda kuona moshi. Mwanzoni niliona uchafu, na nilikuwa nakubali kwa adabu.

Zilikuwepo siku ngumu. Siku moja umeme ulikatika hospitali na Bunju kwa pamoja, mashine ya barafu ikawa maji, na barafu pekee niliyopata njiani ilikuwa barafu za ubuyu kwa mama mmoja Tegeta. Nilinunua ndoo nzima, nikazipanga kuzunguka sampuli. Zilifika zimeganda vizuri. Dada Eliwaza aliziangalia, akaandika kwenye kumbukumbu ya siku "barafu, nyekundu", akazimwaga zote kwa mkono wake huku sisi tunatazama kwa kiu.

Siku nyingine zilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Kuna dawa inayoziba mashine ya kusagia. Tuliiweka kwenye visahani vya seli za saratani na seli zilikufa, zilisongwa na taka zao wenyewe, na mlinzi alianza kuonekana tena kwenye picha. Tulifurahi mpaka wiki zilipopita. Pembeni ya kisahani kimoja kulikuwa na seli chache ambazo hazikufa. Zikagawanyika. Ukiongeza dawa, nazo zinaongezeka. Dk. Mkude alizipima na kukuta zimejitengenezea mashine za kusagia nyingi zaidi.

"Kama Sinza," alisema Dada Eliwaza bila kuinua macho. "Ukifunga baa moja zinafunguliwa mbili."

Huo ndio usugu. Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi.

Sasa nije kwa Bi Somoe, kwa sababu nikiulizwa nilifanya kazi gani miaka yote ile, yeye ndiye ninayemfikiria kwanza.

Alikuwa Mzaramo wa Mbagala, mjane, msusi wa mikeka, na alikubali kwa hiari kutoa kipande cha uvimbe wake kwa utafiti. Nilimkuta kliniki amekaa na binti yake Zaituni, mshona nguo. Nikamwamkia. Akaniuliza kabila. Nikamwambia. Alimgeukia binti yake.

"Zaituni, shika pochi. Mnyamwezi huyu."

Kwa wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani, kukunyang'anya kofia, kukwambia ambacho ndugu yako wa damu hathubutu, na huruhusiwi kununa. Nikamwambia Bi Somoe kwamba babu zangu walipofika pwani na mizigo, Wazaramo walikuwa wamelala, na naona bado hawajaamka. Akasema babu zangu walikuwa wanalala na mizigo wakiogopa bahari. Tangu hapo kila nikienda kuchukua boksi aliniita mpagazi, na mimi nilimwita marehemu mtarajiwa, jambo lililowafanya wauguzi wageni wanitazame vibaya.

Alianza mionzi. Ilikuwa kila siku ya kazi, kwa wiki kadhaa, pamoja na dripu ya dawa. Dk. Mkude alikuwa na kawaida ya kuwaelimisha wagonjwa siku ya Alhamisi, chini ya bati la kliniki, na alipenda mifano ya mjini. Alhamisi moja aliwaeleza habari ya mlinzi. Sasa kila mtu wa Dar anajua X. Nyumba ikiwa imeingia kwenye eneo la barabara, wanakuja na rangi nyekundu, wanakuchorea X ukutani, na unajua itabomolewa. Basi daktari akasema: "Ndani ya miili yenu, mlinzi amewekwa X." Ulikuwa mfano mzuri. Hata mimi niliupenda, na maabara tuliutumia kila siku: huyu kawekwa X, huyu X yake imefutwa.

Jumatatu iliyofuata Bi Somoe hakuja. Wala Jumanne. Ijumaa Dk. Mkude aliniita. Alikuwa ameshapiga simu kwa Zaituni, na Zaituni alilia tu.

"Mionzi haipendi likizo," daktari aliniambia. "Seli zilizobaki zinatumia siku hizo kujijenga. Kila siku anayokosa ananipunguzia nafasi. Wewe si mtani wake?"

"Ndiyo."

"Basi nenda. Mie nikienda atanipikia chai na kunikubalia kila kitu, kisha hatakuja."

Alikuwa sahihi. Daktari anajibiwa kwa heshima, na heshima haikuwa imesaidia.

Njiani, pale Mbagala Rangi Tatu, nilinunua kamba ya manila. Nilimkuta Bi Somoe barazani kwake anasuka ukili, amekonda, amejitanda kanga vizuri kama mtu anayengoja wageni. Zaituni alikuwa ndani kwenye cherehani. Sikuamkia. Nilikunjua kamba, nikaishika upande mmoja juu ya kichwa chake, nikaivuta mpaka kwenye vidole vya miguu, nikafunga fundo.

"We mpagazi, unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Kaburi. Nimesikia umeacha mionzi. Sisi watani ndio wachimbaji, hatutaki kuchelewa."

Cherehani ndani ilinyamaza.

"Hebu nyosha mguu," nikasema, "usije ukanipa hasara ya kuchimba mara mbili."

"Mie mfupi, utapata nafuu."

"Nimeona. Na pilau? Utaacha maelekezo ya pilau, au tutakula ugali kwenye msiba wa Mzaramo? Tutawatangaza mpaka Tabora."

Akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika tumbo. Kicheko kilipoisha alifuta macho kwa pindo la kanga, na hakikuwa kicheko tena.

"Nimewekwa X, mtani. Daktari mwenyewe kasema, mbele ya watu. Dada yangu wa Tabata aliwekwa X. Alikuwa na mifuko ya saruji ndani, alitaka kupiga plasta. Majirani wakamwambia, we mwanamke, nyumba ya X haipigwi rangi. Akauza saruji. Sasa mie kila siku naamka alfajiri, Zaituni anaacha nguo za watu, tunakwenda kuchomwa na kutapika, kwa nyumba ya X? Si bora mtoto ashone?"

Nimewasikia watu wengi wakisema wagonjwa wanaacha tiba kwa ujinga. Mimi niliyasikiliza yale nikakosa kosa ndani yake. Hesabu ilikuwa sahihi, kilichokosewa ni nyumba.

"Bi Somoe, aliyewekwa X ni nani?"

"Mie."

"Daktari alisema nani?"

Akafikiri. "Alisema mlinzi."

"Wewe mlinzi?"

"Mie mwenye nyumba."

"Basi. Nyumba haijawekwa X. Mwenye nyumba hajawekwa X. Kawekwa mlinzi, na aliyemwelekezea rangi si serikali, ni mhuni. Kirusi kimeingia, kimemshika mkono mpiga rangi, kinamwambia chora hapa."

Zaituni alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Kwa hiyo mionzi inamrudisha mlinzi?" Bi Somoe akauliza.

Hapo ningeweza kusema ndiyo, tukamaliza. Lakini utani una masharti yake: unaruhusiwa kutukana, huruhusiwi kudanganya.

"Haimrudishi. Mionzi inavunja chumba walichokaa wahuni, bila mlinzi. Ndiyo maana ni kazi ngumu, na ndiyo maana haitaki mapumziko. Ukiwaacha wiki wanaziba nyufa."

"Na itafanikiwa?"

"Daktari anasema nafasi ipo. Ilikuwa kubwa zaidi wiki iliyopita."

Akaniangalia, akaangalia kamba.

"Mama," akasema Zaituni, "nguo za watu zitangoja. Hakuna anayeolewa wiki hii."

"Mnyamwezi," akasema Bi Somoe, "hiyo kamba niachie. Nitaanikia nguo."

Jumatatu alikuwa kliniki kabla ya wauguzi.

Maabara tulifanya kikao kuhusu neno X. Dk. Mkude alitaka tuliache kabisa, alikuwa ameumia. Dada Eliwaza akapendekeza "muhuri", mtu akasema muhuri ni kukubaliwa. "Tiketi" ikakataliwa kwa kuwa tiketi unainunua mwenyewe. "Alama" ikakumbusha mitihani. Kila neno lilikuwa na ndugu mbaya mahali fulani mjini. Mwisho X ilibaki, kwa sharti moja ambalo naomba mlishike: taja kwanza nani kawekwa, ndipo useme kawekwa nini. Daktari alirudia somo lake Alhamisi iliyofuata, akaanza na maneno "Mwenye nyumba hajaguswa," na aliwaangalia mmoja mmoja.

Bi Somoe alimaliza mionzi. Mwalimu Pendo wa Sinza, aliyeanza naye wiki moja, alimaliza pia, na yeye hakukosa hata siku. Uchunguzi wa kwanza wote wawili walikuwa safi. Uliofuata, Bi Somoe alikuwa safi na Mwalimu Pendo hakuwa. Nilibeba kipande chake cha pili mimi mwenyewe, barafu tele, na njia nzima sikusimama. Dada Eliwaza aliweka picha za wanawake hao wawili pamoja mezani. Mlinzi hakuwepo kwa huyu wala kwa yule. Moshi ulikuwa wa aina moja.

"Sasa kwa nini yeye?" nikamuuliza Dk. Mkude.

"Sijui," akasema. "Kuna wabandikaji mamia. Huenda ni mwingine, huenda ni mbanduaji, huenda si hao kabisa. Ningejua ningefunga maabara."

Tulimzika Mwalimu Pendo, na tulikaa msibani Sinza huku muziki wa baa ya jirani ukipunguzwa kidogo kwa heshima. Bi Somoe alikuja. Alikaa mkekani na wanawake, na wakati wa kuondoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Aliyesoma hakukosa siku hata moja, mie mtoro ndo nimebaki. Mungu kachanganya majina."

Baada ya hapo kila uchunguzi ulikuwa mzigo kwake. Siku chache kabla yake, hali chakula, hasuki, anamgombeza Zaituni. Aliniambia anasikia seli zake zikiziba nyufa. Nilimwambia hazina sauti. Akasema, "Wewe mpagazi, utajuaje cha ndani ya mzigo?" Alipewa tarehe za wiki kadhaa, kisha za miezi. Kila mara alikwenda, kila mara alirudi, na miaka ikaenda hivyo, nami nikashangaa kwamba miguu yangu ilikuwa haijawasha muda mrefu.

Mwaka huu ikawasha. Mgongo nao ukaunga mkono. Mradi ulikuwa umepata gari lenye friza yake, linalosoma joto lenyewe, na dereva kijana asiyeamkia mtu kabla ya kufunga mfuniko. Nilimkabidhi pikipiki, nikamuaga Dada Eliwaza Bunju. Alisema "haya", akaingia chumba cha jeli, akakaa humo mpaka nilipoondoka.

Nilikuwa naenda stesheni, nikapitia kliniki na begi langu kwa sababu ilikuwa siku ya Bi Somoe. Alikuwa ameshaingia kwa daktari. Zaituni alikaa kwenye benchi, ameshika viatu vya mama yake. Nikakaa. Bi Somoe alichelewa kutoka. Treni yangu nilikuwa naijua saa yake, na niliamua iende kama ni kwenda.

Mlango ukafunguliwa. Bi Somoe akatoka, uso umekunjamana. Zaituni akasimama, viatu vikamdondoka.

"Vipi, mama?"

"Huyu daktari hana adabu."

"Kasema nini?"

"Kaniangalia, kaandika, kasema sawa, nenda, urudi mwakani."

Hakuna aliyewahi kumwambia mwakani. Zaituni alikaa chini tena, kwenye sakafu, si kwenye benchi.

"Mwakani siku hizo hizo!" Bi Somoe akaendelea, ameshika kiuno, kliniki nzima inasikia. "Siku hizo nina harusi Kisarawe, mie ndo mpishi. Kwani kaniuliza? Zaituni, inuka. Mwambie abadilishe."

Nikavaa begi. Nilipogeuka getini, Zaituni alikuwa anagonga mlango wa daktari.